Mita 300 Kaskazini

Jumatatu ya tarehe 30 Desemba 2024, mwendo wa saa tisa alasiri, pete ya chuma yenye upana wa mita mbili na nusu na uzani wa karibu kilo 500 ilianguka kijijini Mukuku, kaunti ya Makueni. Siku ya Mwaka Mpya, Shirika la Anga za Juu la Kenya lilitoa taarifa: uchunguzi wa awali ulionyesha kwamba ni pete ya kutenganisha sehemu za roketi, kifaa ambacho kwa kawaida hutengenezwa ili kiungue kinaporudi kwenye angahewa, au kiangukie mahali pasipo na watu, kama baharini. Hakuna aliyeumia.

Ng'ambo ya mto Athi, upande wa Kitui, mwandishi wa makala haya alikuwa nyumbani kwa mapumziko ya Krismasi. Picha ilimfikia kwa simu kabla ya taarifa yoyote. Pete ilikuwa imelala kwenye udongo mwekundu, watu wameizunguka, na chini ya picha mpwa wake alikuwa ameandika: "Mjomba, wewe ndiye mtu wa setelaiti. Hiki ni nini?"

Hakuwa na jibu la haraka. Kwa zaidi ya miaka 20 alikuwa amekula jasho lake kutokana na setelaiti, kwanza akipima mito ya msimu, baadaye akipima mashamba, lakini setelaiti zenyewe alizijua kama namba kwenye kioo kidogo. Ile pete ilikuwa na uzito. Ilikuwa na ukingo ulioungua. Kila namba aliyowahi kuisoma ilikuwa imepandishwa juu na mtambo wenye vyuma vya namna ile, na vyuma hivyo vililazimika kwenda mahali. Aliiangalia picha kwa muda mrefu, akarudi nyuma hadi utotoni.

Kabla ya darasa lolote kulikuwa na mjomba. Miaka ya sabini mjomba huyo alikuwa dereva wa lori pwani, na kila Desemba alirudi Kitui na halua, kanga za mama, na habari za Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Huko Waitalia walikuwa wamesimamisha majukwaa mawili ya chuma baharini, San Marco na Santa Rita, na kutoka hapo walirusha roketi. Watoto walimsikiliza kama wanaosikiliza habari za majini. Lakini mjomba hakuwa akitia chumvi. Kati ya 1967 na 1988 setelaiti tisa zilirushwa kutoka Ngomeni kwa roketi za Kimarekani aina ya Scout. Mashuhuri kuliko zote iliondoka tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya Jamhuri, na kwa heshima ya nchi iliyoikaribisha ikapewa jina la Uhuru. Ilikuwa setelaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza eksirei zinazotoka angani, na ilipomaliza kazi wanasayansi walikuwa na orodha ya vyanzo 339.

Siku moja mtoto aliuliza kwa nini wazungu hawarushii roketi zao kwao. Mjomba alimjibu kwa swali. "Mpwa wangu, ukitaka kurusha jiwe lifike mbali, utarusha ukiwa umesimama au ukiwa unakimbia?"

"Nikikimbia."

"Basi hapa kwetu dunia inakimbia kuliko kwao."

Miaka mingi baadaye vitabu vilithibitisha maneno ya dereva yule. Kwenye ikweta uso wa dunia unakwenda mashariki kwa kasi ya takriban kilomita 1,670 kwa saa, na roketi inayoondokea hapo, au karibu na hapo, hupewa kasi hiyo bure. Ngomeni iko nyuzi tatu tu kusini mwa ikweta. Kwa sababu hiyohiyo Ulaya hurushia roketi zake Kourou, Guyana ya Ufaransa, nyuzi tano kaskazini.

Mtoto aliongeza swali la pili: vile vipande vinavyobaki njiani huenda wapi? "Baharini," mjomba alisema, na mazungumzo yakahamia kwenye halua. Jibu hilo lilimtosha mtoto. Mtu mzima aliyekuwa akitazama picha ya Mukuku aliliona sasa kwa jicho jingine. Mahali pa kurushia huchaguliwa kwa sababu mbili, kasi ya dunia na utupu wa bahari upande wa mashariki. Anayechagua mahali pa kurushia roketi anachagua pia nani atakuwa chini yake.

Kazi ya kwanza ya mshahara ilikuja mwaka 1991, eneo la Mutomo, kusini mwa Kitui, katika upimaji wa mashamba. Kijana alikuwa mshika mnyororo. Kazi yake ilikuwa kuvuta utepe wa chuma, kufyeka njia ya kuonea, na kubeba miguu mitatu ya thiodolaiti hadi juu ya vilima ambako Waingereza walikuwa wamejenga nguzo za zege za upimaji. Kazi ilianza alfajiri kwa sababu ikifika saa nne joto la Mutomo lilichezesha hewa, na mlingoti uliosimama kilomita mbili mbele ulionekana ukicheza kwenye darubini kama ndani ya maji.

Mpimaji mkuu, mtu wa maneno machache, alikuwa na mazoea ya kuligonga zege la nguzo kwa kiganja kabla ya kusimamisha chombo chake. Alieleza siku moja tu, wala hakurudia. Namba za nguzo hii zimetoka kwa nguzo ile, na za ile zimetoka kwa nyingine, na mwisho zote zimeshikamana na mlolongo mkubwa wa vipimo uliofuata longitudo ya 30 kutoka Afrika Kusini hadi Misri. Hesabu za mtandao wa Afrika Mashariki ziliwekwa sawa mwaka 1960, na ndiyo maana msingi huo wa vipimo unaitwa Arc 1960. Ramani nyingi za zamani za Kenya za kipimo cha 1 kwa 50,000 zimesimama juu yake.

Kijana alisikia, akaitikia, akasahau. Usahaulifu huo ulikuja kumgharimu.

Wakati huo mfumo mwingine wa vipimo ulikuwa ukikamilishwa juu ya vichwa vyao. Marekani ilirusha setelaiti ya kwanza ya GPS mwaka 1978, na mwaka 1995 ikatangaza kwamba mfumo umekamilika, setelaiti 24 zikizunguka kwenye kimo cha takriban kilomita 20,200. Nyingi zake zilipandishwa moja moja, kila moja na roketi yake. Urusi nayo ilikuwa na GLONASS, iliyoanza kurushwa 1982. Raia waliruhusiwa kutumia GPS, lakini jeshi la Marekani lilichafua ishara yao makusudi, hivi kwamba mtu aliyesimama palepale aliweza kuoneshwa yuko mita 100 kutoka alipo.

Uchafuzi huo ulizimwa tarehe 2 Mei 2000, saa moja asubuhi kwa saa za Kenya. Mwandishi alikuwa Mwingi, na kipokezi cha mkononi cha mradi wa maji alichokuwa amekabidhiwa. Kwa majuma kadhaa alikuwa amekizoea kifaa kile kama mtu anavyozoea mbuzi asiyefungwa, nukta yake ikitangatanga kwenye kioo. Wiki hiyo nukta ilitulia. Hakuna aliyegusa chochote Kitui. Amri ilitolewa Washington, na mtu aliyesimama kando ya barabara ya Garissa akapata kujua alipo kwa kosa la mita kumi na kitu. Alifurahi sana. Furaha hiyo haikumwacha aulize swali lililofaa kuulizwa siku ileile: kama wanaweza kuutuliza ulimwengu wake kwa amri moja, je, hawawezi pia kuutikisa kwa nyingine? Swali hilo Ulaya ililiuliza mapema, na ndilo lililozaa mfumo wake wa Galileo. Uchina ililiuliza pia, na Juni 2020 ikarusha setelaiti ya mwisho ya kukamilisha BeiDou.

Yaliyotokea mwaka 2003 yanastahili kuelezwa kwa urefu.

Mradi ulikuwa unajenga mabwawa ya mchanga. Msomaji asiyeijua Ukambani afahamu kwamba mito mingi ya huku hubeba maji siku chache kwa mwaka, halafu hubaki njia ya mchanga mtupu. Ukijenga ukuta wa mawe na saruji kukatiza njia hiyo, juu ya mwamba imara, mafuriko ya misimu michache hujaza mchanga mzito nyuma ya ukuta, na ndani ya mchanga hubaki maji ambayo jua haliyafikii. Akina mama huchimba visima vifupi mchangani hata katikati ya ukame. Kila kitu kinategemea mwamba. Ukuta uliosimama mahali pasipo na mwamba hupitiwa na maji chini yake, na jasho lote la kijiji huishia mtoni.

Mahali pa ukuta palikuwa pamechaguliwa na mhandisi pamoja na kikundi cha mwethya, watu wa kijiji wanaofanya kazi kwa zamu bila malipo. Mhandisi aliweka alama kwenye ramani ya 1 kwa 50,000, akasoma namba zake, akaondoka. Siku ya lori la mawe kuja, mwandishi ndiye aliyetumwa kulielekeza. Aliingiza namba za ramani kwenye kipokezi, akakifuata kwa utii. Kilimpeleka kwenye mkondo wa mto uliofanana na mingine yote. Lori likamwaga mawe. Wanaume wanne wakaanza kuyapanga.

Mwendo wa saa mbili mama mmoja wa makamo alifika na mtungi, akasimama ukingoni.

"Mwanangu, haya mawe ni ya nani?"

"Ni yenu, mwaitu. Ni ya bwawa."

"Bwawa letu liko kule chini," alisema, akaonyesha kusini kwa kidevu. "Hapa hata mwamba hamna. Hapa tunachimba mchanga wa kujengea."

Mwandishi alimwonyesha kioo. Mama alikitazama kwa adabu, kisha akamwambia achimbe. Walichimba hadi kiunoni wasikute mwamba. Ndipo zege la Mutomo lilipomrudia, na kiganja cha mpimaji kikiligonga. Ramani ilisimama juu ya Arc 1960. Kipokezi kilikuwa kimeachwa kwenye msingi wake wa kiwandani, ule wa GPS, unaoitwa WGS84. Namba ileile kwenye misingi hiyo miwili ni mahali pawili tofauti, na katika Kenya tofauti hiyo ni takriban mita 300 kuelekea kaskazini, na karibu mita 100 kuelekea magharibi. Setelaiti hazikukosea hata kidogo. Zilimfikisha mahali alipoziambia, kwa lugha ambayo hakujua kwamba anaizungumza.

Lori halikuweza kurudi siku hiyo. Mwethya waliyahamisha mawe kwa mikono, kwa toroli na kwa punda, siku tatu, katika msimu wa kupalilia, na hakuna aliyemtukana. Hilo lilimuuma zaidi kuliko matusi. Kwa muda mrefu aliona aibu kwamba alikuwa amemwonyesha kioo mtu aliyekuwa anaujua mwamba ule kwa nyayo zake.

Tangu hapo alijifunza mfumo kwa undani. Setelaiti ya uongozaji haijui uko wapi. Haikuoni wala haikusikii. Kazi yake ni moja: kutangaza saa yake na mahali ilipo. Tangazo hilo husafiri kwa kasi ya mwanga na hukufikia baada ya sehemu ndogo ya sekunde, na kipokezi chako hugeuza ucheleweshaji huo kuwa umbali. Setelaiti tatu zingetosha kukuweka mahali, lakini saa ya kipokezi ni ya bei rahisi, kwa hiyo inahitajika ya nne ili kuirekebisha. Mwanga hukata mita 300 katika sehemu moja ya milioni ya sekunde. Yaani shida yote ya mawe yale ilitoshana na kosa la saa ambalo hakuna binadamu anayeweza kulihisi. Na saa za GPS, kwa sababu ya kimo na kasi yake, hukimbia kuliko za ardhini kwa sehemu 38 za milioni ya sekunde kila siku, kama Einstein alivyoonyesha. Zisiporekebishwa, kosa lingefikia zaidi ya kilomita kumi kwa siku moja.

Mwezi Agosti 2014 mwandishi alikuwa kwenye mafunzo jijini Nairobi pamoja na wapima ardhi wengine, habari zilipofika kwamba setelaiti mbili za Galileo zilizorushwa kutoka Kourou tarehe 22 zimeachwa kwenye obiti isiyo yake. Roketi ya Soyuz ilikuwa imepaa vizuri. Kasoro ilikuwa katika hatua ya juu iitwayo Fregat: bomba la mafuta lilifungwa karibu mno na bomba la heliamu baridi, mafuta yakaganda, msukumo ukaenda upande usiofaa. Tume ya uchunguzi ilipotoa ripoti yake, ilisema mzizi wa kosa ulikuwa kwenye usanifu wa hatua hiyo. Michoro haikueleza waziwazi bomba lifungwe vipi.

Wenzake walishangaa kwamba mradi wa mabilioni ya yuro ungeweza kuanguka kwa sababu ya mchoro. Yeye hakushangaa. Alikuwa ameshahamisha mawe kwa sababu ya neno moja lililokosekana kwenye karatasi. Kilichomgusa ni yaliyofuata. Setelaiti zile hazikutupwa. Wahandisi walizisukuma polepole hadi obiti iliyo afadhali, na kwa kuwa obiti hiyo ilibaki ndefu kama yai, ikipanda na kushuka kila mzunguko, wanasayansi walizitumia saa zake kupima jinsi mvutano wa dunia unavyobadili mwendo wa wakati. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018, yakiwa sahihi kuliko jaribio lililokuwa likishikilia rekodi tangu 1976.

Halafu Julai 2019, kwa karibu wiki nzima, Galileo ilinyamaza. Setelaiti zilikuwa juu, nzima, zikizunguka. Hitilafu ilikuwa ardhini, kwenye vituo vinavyokokotoa wakati na mahali pa kila setelaiti. Watu hupenda kutazama roketi ikipaa, na ni haki yao, kwa sababu ni jambo la kutetemesha moyo. Lakini mahali hutengenezwa chini. Hutengenezwa na vituo kama kile cha Malindi, ambacho hupokea ishara mchana na usiku ili obiti zijulikane, pamoja na mtu anayejua ramani yake imesimama juu ya nini.

Somo la mwisho lilitoka Makueni. Mwaka 2021 ndugu wawili walimwita kuamua mpaka kati ya mashamba yao. Mmoja wao alikuwa amepakua programu kwenye simu, akatembea kuzunguka shamba, na simu ikamwambia kwamba safu nzima ya miembe ya kaka yake imo ndani ya ardhi yake. Safu hiyo ilikuwa na upana wa mita tatu. Simu nzuri, kwenye anga wazi, hukosea mita tatu hadi tano. Ugomvi wote ulikuwa ndani ya kosa la kifaa.

Zaidi ya hapo, sheria yenyewe haikuwa upande wa simu. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inasema ramani ya msajili huonyesha mipaka kwa makadirio tu, isipokuwa pale mipaka ilipopimwa na kuandikwa kwamba imewekwa rasmi. Kwa mashamba mengi ya Ukambani, mpaka ni ule uliopo ardhini, na hapo palikuwa na ua wa minyaa uliopandwa na baba yao. Wazee wa nzama, yaani baraza la wazee, walikuwa wamekaa kivulini tangu asubuhi. Mwandishi aliwaeleza kosa la simu, kisha akawaachia neno. Walitembea kwenye minyaa, wakahesabu visiki vya ile iliyokatwa, na kabla ya adhuhuri wakamaliza. Vipimo vya kitaalamu vilifuata baadaye, vikafuata minyaa.

Sasa Mukuku. Setelaiti za uongozaji zenyewe si tishio kwa mtu yeyote Makueni. Ziko juu mno, mahali ambapo hakuna hewa ya kuzipunguza kasi, na zitaendelea kuzunguka baada yetu sote. Tatizo ni vyombo vya kupandishia. Hatua za juu za roketi na pete zake huweza kubaki kwenye obiti ndefu ambayo upande mmoja hugusa ncha ya angahewa. Kila mzunguko hewa hiyo nyembamba hupunguza kasi kidogo, mwaka baada ya mwaka, hadi kipande kinashuka mahali na siku ambayo haikupangwa na yeyote. Mkataba wa kimataifa wa 1972, ambao Kenya ni mwanachama wake, unaitwika nchi iliyorusha wajibu kamili wa fidia kwa madhara yanayotokea ardhini, bila mwathiriwa kulazimika kuthibitisha uzembe. Ili wajibu huo umfikie mkulima, lazima kwanza kipande kitambuliwe ni cha nani. Mara baada ya tukio tetesi ziliitaja India, na shirika la Kenya likazikanusha. Kumtambua mwenye pete ni kazi ya upimaji: kujua kila kilichoko juu, kila siku, kama mpimaji yule alivyoijua kila nguzo. Kenya, iliyorusha setelaiti yake ya Taifa-1 mwezi Aprili 2023 kwa roketi ya Marekani, inahitaji watu wake wa kuifanya kazi hiyo.

Jibu alilompelekea mpwa wake lilikuwa fupi: "Ni sehemu ya roketi. Msiiguse, mwiteni chifu." Kesho yake walikwenda pamoja mtoni, kwenye bwawa la mwaka 2003. Mvua za vuli zilikuwa zimepita na mchanga ulikuwa umejaa hadi ukingo wa ukuta. Mpwa alifungua programu ya simu, akahesabu setelaiti 34 juu yao, za Marekani, Urusi, Ulaya na Uchina. Mwandishi akamwonyesha pale kisima kifupi kilipochimbwa, maji yakiwa mkono mmoja tu chini.

Kisha wakapanda na mto hadi kwenye mkondo wa juu. Mwethya hawakuyamaliza mawe yote mwaka ule. Rundo dogo limebaki ukingoni, limeota nyasi, na watoto wanaochunga mbuzi wamelipanga kuwa viti.